Usiniambie Nifute Kache

Nimechoka kuambiwa nifute kache.

Nafanya kazi saiba hapa Malindi. Kompyuta sita, viti vya plastiki, printa moja yenye kiburi. Watu hawaji kwangu kutazama filamu; filamu ziko kwenye simu zao. Wanakuja kwa sababu ofisi, vyuo na benki zimehamia mtandaoni, nao wanataka mtu wa kuwabishia hodi. Mlango usipofunguka, lawama napata mimi, au laini ya simu, au ati "netiweki ya huku Pwani". Mwenye mlango hatajwi kamwe.

Ijumaa moja jioni aliingia mama kutoka Langobaya. Mwanawe alikuwa amepata nafasi chuoni, na maombi ya msaada wa karo yalikuwa yanafungwa saa sita usiku siku hiyo hiyo. Karatasi zote alikuwa nazo, kazikunja ndani ya leso. Tukajaza kurasa nne. Nikabofya kutuma: ukurasa mweupe, nambari 503. Nikarudia: 504. Nikarudia tena: 503.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja wa tovuti ile, ambayo sitaitaja. Kijana wa upande wa pili akanijibu kwa adabu zote: "Futa kache, kisha ujaribu brauza nyingine." Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimeandika vibaya?"

Hapo ndipo nataka tugombane.

Nambari zile si mapambo. Ukifungua tovuti, kivinjari chako hutuma ombi kwa seva, na seva hujibu kwa tarakimu tatu. Majibu yanayoanza na 4 yanasema shida iko kwenye ombi: 404, ulichoomba hakionekani, 401, hujajitambulisha, 403, nimekuelewa lakini huruhusiwi. Yanayoanza na 5 ni ungamo. Seva yenyewe inasema ni mimi niliyeshindwa. 503 maana yake nimelemewa, au niko kwenye matengenezo. 504 ni seva ya mbele ikisema imengoja ile ya nyuma yake mpaka ikachoka. Yaani mashine imekiri kosa lake kwa maandishi, halafu binadamu anayelipwa kuihudumia anakuambia wewe ukafue kache yako!

Sisemi kache haina makosa. Ukurasa ukikuonyesha mambo ya juzi, au ukikurudisha kwenye nywila kila ukiingia, futa kache na kuki, mara nyingi hutengemaa. Kivinjari kikipiga kelele kwamba tovuti si salama, tazama tarehe kwanza. Kompyuta yangu moja betri yake ndogo ya ndani imekufa, na kila stima ikipotea inaamka ikidhani tuko 2009, basi kila cheti cha usalama inakiona hakijaanza kutumika. Na kama hakuna nambari yoyote, kivinjari kinalia tu kwamba hakifiki, jaribu tovuti nyingine, jaribu intaneti ya simu. Huenda ni njia iliyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikatambaa Afrika Mashariki nzima. Kache ya mtu haikuhusika. Lakini 503? Kufuta kache kwa sababu ya 503 ni kama kubadilisha shati kwa sababu daktari hajafika kazini.

Wazee wa Kilifi wanaikumbuka feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Feri ikiharibika kila mtu aliiona pale majini. Hakuna abiria aliyeambiwa amesimama vibaya.

Tena wakitaka, wanaweza. Julai 2023 eCitizen ilifurikishwa maombi bandia, kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa kwamba ni lao, na waziri Eliud Owalo akakiri hadharani kwamba kuna shambulio. Wageni waliokwama kuomba viza mtandaoni wakaahidiwa kuipata wakishafika. Mlango mmoja uligoma, dirisha lingine likafunguliwa. Kumbe inawezekana kwa Mwitaliano anayekuja kuota jua Watamu! Basi kwa mama wa Langobaya inakwama wapi?

Kanuni za HTTP, tangu miaka ya 1990, zinairuhusu seva inayotoa 503 kutaja na muda wa kurudi: jaribu baada ya saa moja. Fundi viatu jirani yangu akienda kuswali huacha kibao mlangoni. Taasisi yenye bajeti na kitengo kizima cha teknolojia inashindwa na kibao. Na wasituambie hawajui walizima kwa muda gani. Seva zao huweka kumbukumbu ya makosa yake na saa yalipotokea. Wazisome, kisha waongeze muda wa mwisho kwa saa zile zile ambazo mlango ulikuwa umefungwa. Sidai msaada hapo, nadai hesabu.

Na sisi wa saiba tusijifanye malaika. Siku ile nilimtoza yule mama kila dakika niliyogonga ukuta. Nilijua 503 ni nini, nikaendelea kubofya, na saa ikaendelea kuhesabu. Siku hizi nikiona tano mbele nasimamisha malipo, napiga picha ya skrini pamoja na tarehe na saa, namchapishia mteja nakala. Karatasi ile haifungui mlango, lakini angalau ana cha kuwawekea mezani.

Yeye sikumpa. Saa nne usiku nilifunga, akaenda kulala kwa nduguye Maweni maana matatu za kwao zilikuwa zimeisha. Jumamosi asubuhi nilimkuta kashafika kabla yangu, kaketi kizingitini, leso mapajani. Nikawasha kompyuta. Tovuti ilifunguka mara moja, nyepesi kama upepo, na maneno mekundu katikati: muda wa maombi umekwisha. Nikatazama nambari ambayo seva ilituma pamoja na ukurasa huo. Ilikuwa 200, ile inayomaanisha kila kitu kiko sawa.