Idadi ya Watoto Wenye Presha ya Macho ni Deni la Wizara

Tanzania haina daftari la kitaifa la watoto wenye presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Tunazo takwimu za kuazima tu, nazo zinapingana vibaya. Uchunguzi uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba mtoto 1 kati ya 18,500 huzaliwa na ugonjwa huu. Saudi Arabia inakadiriwa kuwa na mtoto 1 kwa kila 2,500. Kwa jamii ya Waroma wa Slovakia ni 1 kwa 1,250.

Nchini mwetu huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Tukifuata hesabu ya Uingereza, wanaozaliwa na presha ya macho hawazidi sana 100 kwa mwaka. Tukifuata ya Saudi Arabia, ni 800 na ushei. Hapo hatujawagusa wanaoupata baadaye, kwa kuumia jicho, baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho au kwa dawa. Ofisa wa mipango anayetakiwa kuagiza vifaa na kusomesha wapasuaji wa macho ya watoto afanye kazi na namba ipi kati ya hizo? Anafanya kwa kubahatisha, na bahati hiyo hulipiwa kwa macho ya watoto wa watu wengine.

Tutaambiwa kwamba ugonjwa wenyewe ni adimu mno kuweza kuhesabiwa. Ni kweli kwamba hauhesabiki kwa utafiti wa nyumba kwa nyumba. Ule wa Kongwa, mkoani Dodoma, ulipima watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 na kuendelea, ukakuta takriban asilimia 4 wana glakoma. Kwa watoto wachanga, idadi hiyo ya kupimwa huenda isitoe hata mgonjwa mmoja. Ndiyo maana Waingereza hawakupita majumbani. Kila mwezi madaktari bingwa wa macho walipelekewa kadi ya kujaza kama wamekutana na mgonjwa wa aina inayotafutwa, na asiyemwona naye alitakiwa kujibu kwamba hajamwona.

Wala njia hiyo si ngeni kwetu. Kwa miaka mingi kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla lazima atolewe taarifa, sampuli ya choo ichukuliwe na jibu lirudi wilayani. Huo nao ni ugonjwa adimu, lakini uliweza kufuatiliwa hadi vijijini, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya asili. Iliwezekana kwa sababu ilikuwa amri, si ombi. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vipo katika kila zahanati. Mhudumu akiandika "macho" na kufunga kitabu, mtoto huyo amepotea katika hesabu za taifa kabla hajapotea kliniki.

Na hupotea upesi. Katika ugonjwa huu maji ya ndani ya jicho hukosa njia ya kutokea, presha hupanda, na kwa kuwa ukuta wa jicho la mtoto mchanga bado ni laini, jicho lenyewe hutanuka. Ndugu na majirani humsifia mama: mwanao ana macho makubwa mazuri. Mtoto anatoa machozi, anafumba kwenye mwanga, anaficha uso kifuani; nyumbani anawekewa maziwa ya mama machoni, kituoni anapewa dawa ya kupaka ya macho mekundu. Kioo cha mbele cha jicho kinaanza kuwa cheupe. Atakapofikishwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi, huenda mshipa wa kuona umeshaharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma. Angefika mapema, upasuaji wa kuyafungulia maji njia ungeweza kumwachia uwezo wa kuona maishani.

Kumtambua hakuhitaji mashine. Kioo cha jicho la mtoto aliyezaliwa karibuni kina upana wa milimita 10 hivi. Kikizidi 12 kabla ya mwaka mmoja, mtoto apelekwe kwa bingwa. Tochi na rula vinatosha kuanzia. (Semina za kujadili upungufu wa vifaa hugharimu zaidi ya hapo.) Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtoto mchanga akaguliwe macho, mradi tiba iwepo kwa atakayekutwa na tatizo. Akina mama wetu wanawaleta watoto kwenye chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mzazi ametimiza wajibu wake kwa kufika. Muuguzi anayempima uzito na kumrudisha bila kumtazama machoni hajautimiza wake, na Wizara ya Afya ambayo haijamwagiza kutazama imekosa zaidi yake.

Maduka ya dawa nayo yasijifiche. Matone yenye steroidi, yanayouzwa bila cheti kwa mtoto anayewashwa macho kwa mzio, huweza kupandisha presha ya jicho yakitumiwa kwa muda mrefu. Baraza la Famasi lina mamlaka ya kuyadhibiti mauzo hayo, na mamlaka isiyotumika ni mapambo.

Tunazitaka wizara za afya za Bara na Zanzibar, pamoja na TAMISEMI yenye zahanati mikononi mwake, ziweke glakoma ya watoto kwenye orodha ya magonjwa ya kutolewa taarifa, na kila hospitali yenye bingwa wa macho ijibu kila mwezi, hata kama jibu ni sifuri. Kila mgonjwa anayeandikwa aandikwe pamoja na ndugu zake. Aina ya kuzaliwa nayo, inaporithiwa, mara nyingi hutokana na jeni yenye hitilafu inayotoka kwa wazazi wote wawili, wao wenyewe wakiwa wazima, na hapo kila mtoto atakayefuata ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Katika koo zinazooana binamu, kama zilivyo baadhi ya koo za pwani, nafasi ya wazazi kukutana na jeni hiyo ni kubwa zaidi. Hospitali inayompasua mtoto na kumruhusu bila kumwita mdogo wake kupimwa itoe maelezo kwa mganga mkuu wa mkoa, kwa maandishi.