Klabu bila daftari hupotea bila habari

Kijana wa Bondeni anayevaa jezi ya Liverpool hii leo huwa na timu moja tu moyoni, nayo ni ile ya Uingereza. Lau angelitaja jina hilo mbele ya babu yake, huenda mzee angelikumbuka timu nyingine kabisa: Liverpool ya Mombasa, iliyosakata kandanda katika ligi ya taifa miaka ya mwanzo ya uhuru na ambayo baadaye iliitwa Mwenge. Neno ni lile lile, ila maana imehama. Katika taaluma yangu ya isimu, mabadiliko ya namna hii ni jambo la kila siku wala hayamlizi mtu. Lakini jina linapopotewa na kile lililokuwa likikitaja, pasibakie hata karatasi ya ushahidi, basi suala hilo limevuka mipaka ya isimu. Hiyo ni mali ya umma iliyopotea, na yafaa tuulize imepoteaje.

Tukumbushane kwanza historia. Ligi ya taifa ya Kenya ilianzishwa mwaka 1963, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1964 ubingwa ulikwenda kwa Luo Union. Mwaka 1965 ulishuka pwani, ukatua mikononi mwa Feisal ya Mombasa. Tangu siku hiyo hakuna timu nyingine ya Mombasa iliyoutwaa. Bandari iliukaribia mara mbili, ilipomaliza ya pili msimu wa 2018 na tena msimu wa 2018/19, lakini kukaribia si kufika. Kwa hivyo, ukimwambia mgeni kwamba mji huu uliwahi kuwa na bingwa wa Kenya, sharti urudi nyuma zaidi ya nusu karne.

Majina yenyewe ni somo. Feisal ni jina la Kiarabu, jina walilokuwa nalo wafalme wa Iraq na wa Saudia. Liverpool ni mji wa bandari kama wetu. Mwenge ni neno la Kiswahili lililobeba matumaini ya taifa changa. Katika majina hayo matatu msomaji anaiona Mombasa nzima: upande mmoja unatazama Uarabuni, wa pili unatazama meli za Uingereza, na wa tatu unajitazama wenyewe. Wala hatukuwa peke yetu. Jijini Dar es Salaam, klabu tunayoijua kwa jina la Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Mwambao wote ulikuwa ukijivua majina ya kukopa na kujivika yake.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikawa Reunion. Hapo pana funzo ambalo huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Amri hubadilisha jina lililoandikwa, haibadilishi ulimi. Mashabiki wa Leopards waliichukua chui hiyo ya Kiingereza wakaiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya, na lugha iliyofukuzwa mlangoni ikaingia kwa dirishani. Jina lilidumu kwa sababu klabu ilikuwa na watu, na watu wale walikuwa na mahali pa kukutania. Mombasa kisa chetu ni kinyume cha hicho. Majina yamebaki ndimi mwa wazee, na klabu zilizoyabeba zimetoweka katika ligi kuu.

Wengi hunipa sababu moja: fedha za Nairobi. Nakiri kuwa hoja hiyo ina uzito. Miaka ya 1970 makampuni yaliingia uwanjani, na Kenya Breweries ikatwaa ubingwa mwaka 1972, 1977 na 1978. Vipaji vya pwani vilihama. Mahmoud Abbas, mlinda lango wa Mombasa aliyepewa lakabu ya Kenya One, alijizolea sifa zake kubwa akiwa na Leopards. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi. Tanga nayo ni mji wa bandari uliopungukiwa na neema baada ya bei ya mkonge kuanguka, na Dar es Salaam huwavuta vijana wake kama Nairobi inavyowavuta wetu. Pamoja na hayo, Coastal Union, iliyoasisiwa mwaka 1948, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, ikashuka daraja, ikapanda tena, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne katika ligi kuu. Kama umbali na jiji kuu ungeliua klabu, Coastal ingelikuwa imezikwa zamani.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika mambo matatu: wanachama, mahali na maandishi. Klabu kongwe za Tanzania zina wanachama wenye kadi, wanaochagua viongozi na kugombana nao. Simba na Yanga zina majengo yao katika eneo la Kariakoo, hata watu husema Msimbazi na Jangwani wakimaanisha klabu zenyewe. Mahali pamegeuka jina, na jina limekuwa hati. Kwetu, timu nyingi za mitaa ziliishi kwa mfuko wa tajiri mmoja au kwa jasho la wazee wachache. Tajiri akifilisika, au wazee wakienda mbele ya haki, timu huenda nao.

Hata huko Uingereza, tunakodhani kila kitu kimetengemaa, vita hivi vipo. Kusini mwa London iko klabu ndogo iitwayo Dulwich Hamlet, iliyoasisiwa mwaka 1893. Wachezaji wake si matajiri, kwani ni timu ya daraja za chini. Iliwahi kutwaa Kombe la Ridhaa mara nne, na mchezaji wake Edgar Kail aliitwa kuichezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1929. Mwezi Machi 2018, katika mzozo na wawekezaji waliokuwa wakimiliki uwanja wa Champion Hill, klabu hiyo ilifungiwa nje ya uwanja wake. Lililonishtua zaidi ni kwamba kampuni yenye uhusiano na wawekezaji hao ilikwisha kulisajili jina la klabu kuwa alama yake ya biashara, ikaiarifu klabu kwamba haina ruhusa ya kulitumia. Fikiria, msomaji: mtu anakataza kuitwa kwa jina alilolibeba kwa miaka 125! Mashabiki walisimama kidete, wanasiasa wakaingilia kati, jina likarudishwa, na Desemba mwaka huo huo timu ikarejea nyumbani. Walishinda kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa wamejipanga, na waliweza kuthibitisha wao ni nani.

Sasa tujitazame. Bandari, ambayo mizizi yake ni kazi za forodhani, ndiyo iliyoibeba Mombasa katika ligi kuu tangu iliporejea huko mwaka 2013, na mwaka 2019 ilinyakua kombe la SportPesa Shield. Tunaishukuru. Lakini klabu ya taasisi huishi kwa hisani ya taasisi. Bandari yenyewe ilivunjwa katika miaka ya 1990 kabla ya kuundwa upya. Kuhusu mahali, Uwanja wa Manispaa, ambao hauko mbali na hapa Bondeni, ulibomolewa wakati wa utawala wa Gavana Hassan Joho ili ujengwe upya. Utawala huo ukamalizika mwaka 2022 na uwanja haujakamilika. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza ulipobomolewa amebaleghe pasipo kuona mechi ya ligi pale.

Sitaki nilalamike tu. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 imeweka msajili wa vyama vya michezo. Zana zipo. Kwanza, kila kiwanja cha wazi kisiwani kipimwe, kipate hati ya ardhi ya umma, na hati hiyo itangazwe wazi wazi. Maana kiwanja kisicho na hati ni nyumba iliyo wazi kwa kila mwenye kikuku cha funguo. Pili, timu za mitaa zisajiliwe kwa jina la wanachama, wala si kwa jina la mfadhili. Tatu, na hili natuomba sisi walimu na wanafunzi, wazee waliocheza na walioshangilia wahojiwe kwa Kiswahili chao cha Kimvita, na maneno yao yahifadhiwe.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya mpira tu, na amkumbuke Muyaka bin Haji. Mashairi yake yangelikufa na waliomsikia, lau Mwalimu Sikujua hangeliyakusanya pamoja na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Mji uliojua kuhifadhi tungo hauna udhuru wa kushindwa kuhifadhi majina ya wachezaji kumi na mmoja waliouletea ubingwa. Wahenga walikwisha tuonya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la Feisal bado linaweza kuandikwa, ila wino wake umo vifuani mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua.