Ardhi Hujisafisha, ila Haijisimamii

Shuka basi Same saa sita mchana, utembee kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, uhesabu sheli. Chini ya zege la kila moja kumefukiwa matangi. Chini zaidi kuna maji ambayo wilaya hii kame imeyachota visimani miaka nenda rudi. Chuma huota kutu kimyakimya. Tangi likivuja, tuchimbue udongo wote na kuyavuta maji tuyasafishe, au tuiachie ardhi ijisafishe?

Wanaosema tuiachie wana hoja. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji ya ardhini. Sehemu inayoyeyuka, hasa benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, ndiyo husafiri na maji. Njiani hukutana na bakteria wanaoila. Hao hutumia oksijeni kwanza. Ikiisha, hugeukia naitreti, madini ya chuma na salfeti. Karibu na Bemidji, Marekani, bomba lilipasuka Agosti 1979 na kumwaga lita zipatazo milioni 1.7 za mafuta ghafi. Watafiti wanapima maji ya hapo tangu 1983. Wameona bakteria wakiizuia benzini isifike mbali zaidi ya mita mia chache. Lakini miaka zaidi ya 40 baadaye, mafuta yenyewe bado yapo ardhini.

Hapo ndipo penye mzozo. Mita mia chache msituni si kitu. Mjini ni mtaa mzima wenye visima. Tena ardhi ya Same si moja. Kwenye mchanga na udongo wa tambarare, maji huenda polepole na bakteria hupata muda wa kula. Kwenye miamba yenye nyufa chini ya milima ya Upare, yanaweza kupita mbio kabla mlo haujaisha. Anayetamka "asili itamaliza" bila kujua maji yanaelekea wapi anabahatisha kwa afya ya wengine.

Mfano wa karibu uko kaskazini, ukivuka Mkomazi na Tsavo. Mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline Company lilivujisha mafuta katika bonde la Thange, Makueni. Yaliingia mtoni, mashambani na visimani. Wakazi walikwenda mahakamani, na hukumu ya kuwalipa mabilioni ya shilingi ilikuja mwaka 2025. Miaka kumi! Bakteria hawakuwa likizo muda huo wote, lakini hawachoti maji ya mtoto wala hawafidii mazao.

Yupo atakayesema mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaoleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzinduliwa Machi 2025, umemaliza hofu ya visima. Sikubali. Bomba huharibika na umeme hukatika. Siku hiyo madumu yatarudi kisimani.

Msimamo wangu ni huu: tukubali ardhi ijisafishe, kwa masharti. Kwanza, uvujaji uzibwe na mafuta yanayoelea yavutwe. Pili, vichimbwe visima vya kupimia kati ya sheli na visima vya watu, na benzini ipimwe kwa miaka, si mara moja kwa ajili ya ripoti. Tatu, gharama alipe mchafuzi, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. EWURA, mamlaka inayotoa leseni za sheli, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani zisome daftari moja: kipimo cha tangi asubuhi kikilinganishwa na lita zilizouzwa, pengo ndilo shahidi wa kwanza.

Wapare wanalielewa hili bila maabara. Ndiva, bwawa lao dogo la jadi la kumwagilia mashamba, hujazwa na mlima wenyewe usiku kucha; hakuna anayemwaga hata ndoo. Lakini jioni kuna mtu wa kuziba tundu, asubuhi kuna wa kuzibua, na tope likizidi watu huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ndiva isiyo na mtu hujaa tope, ingawa mto haukuacha kutiririka.