Fundi Nyumbani: Tundu ya USB ikikataa, nani mwenye kosa?

Katika nyumba nyingi ordinatere moja inatumikia jamaa nzima: baba anaandika barua, mama anachunga hesabu ya biashara yake, mwanafunzi anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo. Siku moja flashi inaingizwa, ordinatere inanyamaza. Watu wanasema mbio mbio: «Flashi imekufa!» Wanaitupa pamoja na kazi yote iliyo ndani. Ngojeni kwanza. Pengine mgonjwa ni ordinatere yenyewe.

Ndani ya kila ordinatere iko kontrolere ya USB. Njo inayopokea kila kitu munachoingiza katika tundu na kusemezana nacho. Kwa kuipima, fuateni kanuni moja: kubadilisha kitu kimoja tu kila mara.

1. Flashi ile ile, tundu ingine. Ikifanya kazi, tundu ya kwanza njo yenye matata. Zimeni mashini, kisha muangalie kama iko vumbi ao kijino kilichopindika.

2. Flashi ile ile, ordinatere ingine. Ikionekana kule, chukueni kopi ya kazi yenu saa ile ile, mbele ya majaribio mengine.

3. Kitu kingine, tundu ile ile. Hapa wengi wanadanganyika. Wanaingiza panya ya ordinatere, inatembea, wanasema tundu ni nzima.

Kwa mashini za zamani ile haitoshi. USB ya kwanza ilitoka mwaka 1996, mwendo wake megabiti 12 kwa segonde. USB 2.0 ilikuja mwaka 2000 na megabiti 480. Kwa hiyo mashini nyingi za miaka ile ziko na kontrolere mbili nyuma ya tundu moja: UHCI ao OHCI kwa vitu vya mwendo mdogo kama panya, EHCI kwa vitu vya mbio kama flashi. EHCI ikiharibika, panya itatembea vizuri, lakini flashi itakataa ao itakokota polepole sana. Basi pimeni na vyote viwili.

Kwa mashini mpya mambo ni mengine. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008, na kontrolere yake, xHCI, inachunga vya mbio na vya polepole. Ikikufa, tundu zake zote zinanyamaza pamoja. Lakini muangalie: Windows 7 haikutoka na programu ya kuongoza xHCI, ile iliingia katika Windows 8, mwaka 2012. Mutu akiweka Windows 7 katika mashini mpya, hata klavie inaweza kukataa, na hakuna kilichovunjika. Washeni mashini ile kwa Linux. Tundu zikifanya kazi, chuma ni kizima. Programu njo inaomba matengenezo.

Tena iko njaa ya umeme. Tundu ya USB 2.0 inatoa miliampere 500, ile ya 3.0 inatoa 900. Diski kubwa ikikataa kwa mashini ya zamani na kukubali kwa mpya, pengine si ugonjwa, ni njaa tu.

Na kama kontrolere imekufa kweli katika ordinatere ya mezani, fundi anaweza kuongeza karti ya USB ndani, pasipo kubadilisha mashini nzima. Mbele ya kutoa feza ya posho, pimeni kwanza.