UCHANGANUZI: Redio za vyuo zisake usikivu kabla ya kusaka wati

MWANAFUNZI wa uanahabari anapoketi mbele ya kipazasauti katika redio ya chuo chake, huamini kwamba kuna mtu anayemsikiliza. Imani hiyo ndiyo kiini cha mafunzo yake. Akijua kuwa mkulima, mwendeshaji bodaboda na mama wa sokoni wanamsikia, atahakikisha jina la kijiji limetamkwa sawasawa na bei ya mahindi ni ile iliyoko sokoni siku hiyo.

Lakini matatu ikishapita lango la chuo na kukata kona mbili tatu, sauti yake huweza kuanza kukwaruza, kisha ikamezwa na kituo kikubwa cha mjini. Hapo mafunzo hugeuka kuwa mchezo wa kuigiza: mtangazaji yupo, studio ipo, msikilizaji hayupo.

Suala hili si dogo. Tangu sekta ya utangazaji ilipofunguliwa na Capital FM kuanza kurusha matangazo mwaka 1996, vyuo vingi vya humu nchini vimeona haja ya kuwa na redio zao. Chuo Kikuu cha Maseno kina Equator FM, Masinde Muliro kule Kakamega kina MMUST FM, nacho Daystar kina Shine FM. Vituo vya aina hii ndivyo jiko la uanahabari wa taifa.

Usikivu unapokuwa hafifu, wazo la kwanza katika vikao vya wasimamizi huwa ni kununua mtambo mkubwa zaidi wa kurushia matangazo. Wazo hilo huvutia kwa sababu ni rahisi kulieleza: wati nyingi, wasikilizaji wengi. Hata hivyo, mawimbi ya FM hayaendi hivyo.

Nguvu za mtambo zikiongezwa maradufu, umbali wa matangazo hauongezeki maradufu. Hata mahali tambarare pasipo kizuizi chochote, umbali huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu. Ili kuufikia umbali mara mbili, nguvu sharti ziwe mara nne. Penye vilima, misitu na majengo, faida hupungua hata zaidi, ilhali bili ya umeme haipungui.

Kinachoamua zaidi ni kimo cha antena. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, mithili ya mwanga wa kurunzi, na hufifia upesi pale ardhi inapojipinda au kilima kinapoingilia kati. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi tambarare huweza kuufikia upeo wa takriban kilomita 13. Ikipandishwa hadi mita 40, upeo husogea hadi takriban kilomita 26, bila wati moja kuongezwa.

Ndiyo maana watangazaji wakubwa hawakuweka mitambo yao katikati ya miji wanayoihudumia. Waliifuata miinuko kama Limuru na Timboroa, na kule Pwani wakapanda Mazeras. Redio ya chuo iliyofunga antena juu ya paa la maktaba bondeni, huku kilima kikiwa umbali wa kilomita chache tu, imeanza safari yake kwa mguu mmoja.

Kuhamia kilimani kuna gharama zake. Panahitajika kipande cha ardhi, mlinzi, umeme, na kiungo cha kupeleka sauti kutoka studio hadi kwenye mlingoti. Hata hivyo, gharama hizo zaweza kupungua iwapo chuo kitapanga nafasi kwenye mlingoti ambao tayari umesimamishwa na mtangazaji au kampuni ya simu.

Kabla ya kufika huko, kuna mambo yanayoweza kurekebishwa papo hapo chuoni. La kwanza ni kebo inayounganisha mtambo na antena. Kebo ikiwa nyembamba kupita kiasi, ndefu kuliko inavyohitajika, au ikiwa maji ya mvua yamepenya kwenye viungo vyake, humeza nguvu njiani. Upotevu wa desibeli 3 pekee una maana kuwa nusu ya nguvu imegeuka joto: mtambo wa wati 300 hufikisha wati 150 tu kwenye antena. Chuo cha namna hiyo kikinunua mtambo wa wati 600, kitakuwa kimelipia upya zile wati 300 zilizokuwa zake tangu awali.

La pili ni antena yenyewe. Isipolinganishwa na masafa ya kituo, sehemu ya nguvu hurudi nyuma hadi kwenye mtambo, nao mtambo hujipunguzia kasi ili usiungue. Fundi mwenye kipimo sahihi huweza kugundua kasoro hiyo kwa muda mfupi.

La tatu ni sauti inayotoka studioni. Kipindi kinachorekodiwa kwa sauti ya chini husikika dhaifu hata mawimbi yakiwa imara. Aidha, matangazo ya stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili yapokewe bila mkwaruzo. Kituo ambacho vipindi vyake vingi ni habari na mijadala hakitapoteza mengi kikirusha kwa mono, na wasikilizaji walioko pembezoni watapata sauti safi zaidi. Badiliko hilo aghalabu halihitaji kifaa kipya.

La nne ni umeme. Maeneo ya Magharibi na Nyanza hupigwa na radi mara kwa mara. Mlingoti usio na waya madhubuti wa kuiteremsha radi ardhini, na mtambo usiokingwa dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ghafla, ni mali iliyowekwa rehani. Msikilizaji aliyekuta kimya mara tatu hawezi kulaumiwa akihama.

Mbali na ufundi, kuna sheria. Mamlaka ya Mawasiliano Kenya (CA), chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, ndiyo inayogawa masafa na kuweka masharti ya matumizi yake. Kwa hivyo chuo hakina ruhusa ya kuinua mlingoti, kuuhamisha au kuongeza nguvu kwa uamuzi wa kikao cha idara. Ni lazima kiombe idhini.

Wapo wanaoyaona masharti hayo kuwa urasimu mtupu. Ila Nairobi ina mfano unaopaswa kuwafikirisha. Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2006, na Pamoja FM ya Kibera, iliyoanza mwaka uliofuata, zilijulikana kwa masafa yale yale ya 99.9. Vituo viwili huweza kuishi hivyo katika jiji moja ikiwa tu kila kimoja kimetosheka na mtaa wake. Redio ya FM ikipokea matangazo mawili kwenye masafa mamoja, huchukua yenye nguvu na kuyafunika mengine. Ni mwenye nguvu mpishe, na anayepishwa huenda ni jirani aliyewatuliza watu wakati wa ghasia, kama ilivyofanya Pamoja FM mapema mwaka 2008.

Isitoshe, masafa ya FM hukomea 108, na juu yake tu ndipo huanza masafa ya usafiri wa ndege. Mtambo wa bei rahisi unaosukumwa kupita uwezo wake huweza kumwaga uchafu wa mawimbi hadi kwenye vyombo vya rubani.

Hata hivyo, mzigo hauwezi kuachiwa vyuo pekee. Nchini Marekani, vituo vingi vya wanafunzi vilirusha kwa wati 10 tangu mwaka 1948. Mwaka 1978 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaamua kuwa visivyopanda hadi angalau wati 100 vingepoteza kinga ya masafa yao. Baadhi vilipanda, vingine vikasukumwa kando na vituo vikubwa. Mwaka 2000 tume iyo hiyo ikalazimika kufungua leseni mpya za vituo vidogo visivyozidi wati 100. Funzo ni kwamba mdhibiti anaweza kuua kituo kidogo kwa kanuni au kukilea kwa kanuni.

Kuna hoja kwamba mijadala hii imepitwa na wakati kwa kuwa redio sasa zinasikika kwenye intaneti. Intaneti ni nyongeza nzuri, hasa kwa wahitimu walio mbali. Lakini intaneti huhitaji simu ya kisasa na pesa za data kila siku, ilhali redio ya betri huhitaji kuwashwa tu. Kadhalika, uhamiaji wa dijitali uliokamilika mwaka 2015 ulihusu runinga. FM ilibaki ilivyokuwa.

Busara, basi, ni kupima kwanza. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuzunguka kwa matatu na bodaboda wakiwa na redio za kawaida, wakiandika kijiji kwa kijiji pale sauti inaposikika vyema, inapokwaruza na inapopotea. Ramani hiyo itaonyesha iwapo adui ni kilima, kebo au kituo jirani. Nayo itakuwa ushahidi thabiti wa kuwasilisha mbele ya CA na wa kumshawishi msimamizi wa fedha, wakati huu ambapo vyuo vikuu vya umma vinalemewa na madeni.

Tena katika safari hiyo mwanafunzi atakutana ana kwa ana na watu ambao amekuwa akiwasalimu hewani bila kujua kama wapo. Huenda wakamwambia wanataka kusikia nini. Chuo kitakachorekebisha mawimbi bila kuuliza swali hilo kitakuwa kimetengeneza barabara nzuri isiyo na abiria.