Mwili wa Mtoto si Mali ya Mzazi, Wala ya Chifu

Katika pande za Mwingi, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, na ng'ambo ya Mto Tana katika nchi ya Tharaka, wako watu wa madhehebu yaitwayo Kavonokya, ambao kwa miaka mingi wameishi kwa itikadi moja isiyoyumba: kwamba uponyaji ni wa Mungu peke yake, na kwamba mwenye kumeza kidonge, au kulala katika kitanda cha hospitali, au kumtoa mwanawe achanjwe, amekwisha kumtilia Mola wake shaka. Homa ikiingia nyumbani huombewa, na kampeni ya chanjo ikitangazwa, milango yao hufungwa. Serikali nayo ina desturi yake. Zaidi ya mara moja imewapeleka wauguzi kwao wakifuatana na chifu na askari wenye silaha, watoto wakachanjwa hali wazazi wao wanatazama bila ya hiari, na taarifa ikaandikwa kwamba kazi imefanikiwa. Mimi naona kwamba pande hizi mbili, zinazodhaniwa kuwa mbali kama mashariki na magharibi, zinashirikiana katika kosa moja, nalo ni kudhani kwamba mtoto ana mwenyewe mwingine asiyekuwa yeye.

Hata hivyo Kavonokya ni wachache, na hawafichi wanaloliamini. Aghalabu wenye kuandika juu ya chanjo Ukambani huwachanganya na kundi la pili, lililo kubwa kuliko wao kwa mbali, lisilo na itikadi yoyote ya kukataa dawa. Yuko mama wa Kibwezi, au wa Mutomo, au wa Mbooni, aliyempeleka mtoto wake kliniki akiwa na wiki 6, akarudi wiki ya 10 na ya 14, akampeleka tena kwa sindano ya surua alipotimiza miezi 9, na kijitabu chake cha mama na mtoto amekihifadhi sandukuni pamoja na kitambulisho; lakini gari lenye vipaza sauti likipita njiani kutangaza chanjo ya ghafla, ya bure, ya siku chache, mama huyo huyo humwita mtoto ndani na kuuliza ni nani aliyeilipia, na kwa nini sasa. Mtu wa Kavonokya ana yakini. Mama huyu ana shaka, na shaka yake ina nasaba ndefu ambayo viongozi wa afya hawapendi kuisoma.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kwamba ardhi ya Wakamba inamomonyoka kwa wingi wa mifugo, iliwachukua ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupwa, wakati ule ule ambapo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Wataalamu ndio waliopanga mambo hayo, na kwa lugha ya kitaalamu yaliitwa maslahi ya wananchi wenyewe. Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kulalamika, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakingojea kusikilizwa na gavana, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Makueni, jirani ya Kitui, wakati ule ilikuwa sehemu ya Machakos, na habari za ng'ombe wale zingali zinasimuliwa huko. Basi ilipofika mwisho wa mwaka 2024, Rais William Ruto akatangaza kwamba ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 watachanjwa nchi nzima, na wapinzani wakazuka, akiwemo mwanasiasa Kalonzo Musyoka, mwana wa Tseikuru, msomaji asiyeijua historia aliweza kuona kichekesho tu: watu wanaogopa sindano ya mbuzi! Lakini Mkamba mzee alikuwa na sababu ya kuuliza afisa wa mifugo anataka nini safari hii, na jibu la kumwita mwenye kuuliza mjinga halikumpunguzia sababu hiyo.

Kubwa zaidi ni lile la mwaka 2014. Wizara ya Afya, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, iliendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wenye umri wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, wakiungwa mkono na chama cha madaktari Wakatoliki, wakauliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angaliyauliza: kwa nini wanawake peke yao, kwa nini wa umri wa kuzaa, na kwa nini dozi tano? Kisha wakapeleka vichupa katika maabara na kutangaza kwamba baadhi yake vimekutwa na homoni ya mimba, maana yake kwamba wanawake wanafungwa kizazi kwa hila. Serikali ikakanusha, mashirika yale mawili yakaeleza kwamba mitambo iliyotumika iliundwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, wala haifai kupimia chanjo. Kwa maoni yangu tuhuma ile haikuthibitika, na iliwadhuru wanawake maskini ambao Kanisa lilikusudia kuwalinda. Lakini sitasema kwamba ilizuka hewani. Utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba, iliyounganishwa na sumu ya pepopunda iliyozimwa makali, ulifanywa kweli nchini India, na ukachapishwa hadharani. Tena Mahakama Kuu ya Kenya yenyewe iliamuru fidia kwa wanawake wenye virusi vya Ukimwi waliofungwa kizazi bila ya ridhaa yao. Mwanamke anayeogopa kufungwa kizazi pasipo kujua haogopi jini. Anaogopa jambo lililowapata wenziwe.

Na majibu ya maswali ya maaskofu yalikuwepo, mafupi na mepesi. Pepopunda humwua mtoto mchanga kwa kuingia katika kitovu kilichokatwa kwa kisu kisicho safi au kufungwa kwa uzi mchafu. Mtoto wa siku tatu hawezi kuchanjwa akapata kinga kwa wakati. Kwa hiyo huchanjwa mama, na kinga yake hupita hadi kwa mtoto angali tumboni. Ndiyo maana ni wanawake, na ndiyo maana ni wa umri wa kuzaa. Dozi zinaongezwa ili kinga idumu kwa miaka yote ya uzazi. Hakuna mkunga wa Ukambani asiyeweza kuyafahamu hayo kwa kuambiwa mara moja, naye akawafahamisha wengine kwa Kikamba kilicho bora kuliko cha tangazo lolote. Laiti yangalisemwa sokoni na kanisani kabla ya sindano kufika, badala ya kusemwa katika mikutano ya waandishi wa habari baada ya tuhuma kuenea!

Wala sitaki nionekane kuitetea shaka kwa kila hali. Kitui na Makueni zina kumbukumbu nyingine ambayo yapasa kuwekwa katika mizani. Mwaka 2004, katika miezi ya Januari hadi Julai, watu 317 waliugua katika Mikoa ya Mashariki na Kati ya wakati huo, wengi wao wa wilaya hizi mbili, na 125 wakafa, kwa kula mahindi yaliyoingia sumukuvu baada ya kuhifadhiwa hayajakauka sawasawa. Maafisa wa afya waliwaambia watu wenye njaa waitupe akiba yao ya chakula kwa sababu ya adui asiyeonekana kwa macho, na maafisa wale walikuwa wanasema kweli. Aliyekataa kwa kuwa serikali ilimdanganya babu yake alikula sumu vile vile. Historia humpa mtu haki ya kuuliza. Haimpi kinga ya maradhi.

Sasa tuingie katika suala la mwili ni wa nani, ambalo ndilo linalotajwa sana na kufikiriwa kidogo. Kwa mtu mzima mwenye akili yake, mimi sina shaka. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutibiwa, Katiba inalinda dhamiri na usalama wa mwili, na mahakama zetu zimeonyesha insafu ya kupigiwa mfano. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu wa Kapsabet walitiwa gerezani kwa kuacha dawa, wakafungiwa katika msongamano ambao ungaliweza kuwaambukiza wafungwa wengine ugonjwa ule ule uliowaleta. Na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafunga jela ni kinyume cha Katiba, ingawa serikali ina haki ya kumtenga mgonjwa mahali panapofaa kwa matibabu. Vivyo hivyo mwaka 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipotangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa dhidi ya Korona hatapata huduma za serikali, ilhali dozi zenyewe zilikuwa hazijaitosha nchi, Jaji Antony Mrima aliisimamisha amri hiyo wiki moja kabla. Hata kesi ya Marekani ya mwaka 1905, ambayo hutajwa kila mahali na wapenda mabavu, ilihusu mchungaji mmoja wa Massachusetts aliyetozwa faini ya dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui. Alilipishwa, hakushikwa akadungwa.

Lakini mtoto wa miezi 9 hana dhamiri anayoitumia kukataa. Anayesema "ni mwili wangu" huku amemshika mtoto mikononi anautaja mwili usiokuwa wake. Ibara ya 53 ya Katiba yasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulia, na tuliona Shakahola mwaka 2023, ambako zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, zikiwemo za watoto, mahali ambapo mtoto hufikishwa akiachiwa yakini ya wakubwa pasipo mlinzi. Siwafananishi Kavonokya na Paul Mackenzie, mhubiri wa Shakahola. Wao hawakumzuilia mtoto chakula, na kuwatia katika kapu hilo ni dhuluma. Nasema tu kwamba dini ya mzazi ina mpaka, na mpaka huo ni uhai wa mwana. Tena surua huenea upesi kiasi kwamba wataalamu wanataka watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo izuilike, na kitoto cha jirani ambacho hakijafika umri wa kuchanjwa hakina ngao ila ile iliyo katika miili ya watoto wa mtaani kwao.

Basi kama mtoto ana haki ya kuchanjwa hata mzazi asipopenda, nani aitekeleze haki hiyo? Si chifu na bunduki. Kama lazima ipo, na ipitie kwa afisa wa watoto na hakimu, mzazi asikilizwe, sababu ziandikwe, na amri itolewe kwa jina la mtoto. Nitaambiwa kwamba surua haingoji mahakama. Kweli, lakini hakimu wa Mwingi aweza kusikiliza shauri na kutoa amri kwa siku moja, na ikiwa serikali haikupata siku moja katika miaka yote ambayo imewajua watu hawa, basi dharura hiyo imejitengenezea yenyewe. Mtoto aliyechanjwa mbele ya bunduki atakuwa na kinga ya surua pamoja na hadithi ya bunduki, na hadithi hiyo atawasimulia wanawe.

Kwa wenye shaka, ambao ndio wengi, hukumu haihitajiki kabisa; kinachohitajika ni sauti wanayoiamini. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, alikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano, na mwezi Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho ulimwenguni kuugua ndui ya kuambukizwa kwa kawaida. Alipona, na baadaye akajiunga na kazi ya kutokomeza polio katika nchi yake, akiwaeleza wazazi waliokataa kwamba yeye naye aliwahi kukataa. Alifariki mwaka 2013 angali katika kazi hiyo. Sijui daktari gani kutoka Nairobi angaliweza kusema maneno yale yakaingia.

Watu wa namna hiyo tunao vijijini. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiwa na kaya zake anazozijua kwa majina, kwa malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hawa ndio waliokuja kumpima bibi shinikizo la damu siku ambayo hapakuwa na kampeni yoyote, nao ndio wanaojua ni nyumba gani ya Ikutha iliyomzika mtoto na kwa nini haimpendi muuguzi. Makueni, ambayo mwaka 2016 ilithubutu kuwapa wananchi wake matibabu kwa shilingi 500 za kaya kwa mwaka, na Kitui jirani yake, zingalifanya vyema kuwalipa wahamasishaji hawa kwa wakati, kuwapa majibu ya maandishi kabla ya kila chanjo mpya, ya nani aliyeitengeneza, nani aliyeilipia, na madhara yake ni yapi, na kuwapa saa moja ya redio ya Kikamba kila wiki wayasome majibu hayo na kupigiwa simu na wenye kubisha. Gharama yake ni ndogo kuliko mafuta ya magari ya polisi ya kampeni moja.