Saa Inayoimba na Moyo Usionyamaza



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari juu ya kitu kidogo kinachofungwa kifundoni mwa mkono. Nakusudia zile saa janja ambazo sasa zinaweza kucheza muziki kutoka mtandaoni pasipo simu kuwa karibu. Vijana wetu wanazijua, na baadhi ya wazazi pia. Mtu huiacha simu nyumbani, huvaa saa yake, hutia vipokea sauti masikioni, kisha hutoka kukimbia, kwenda kazini, au hata kuja Misani, huku nyimbo zikimtiririkia bila kukoma.

Wenye saa hizo hutoa sifa moja ambayo nimeisikia mara nyingi hata nimeona sina budi kuijibu. Husema: “Padre, mimi nimejikomboa na simu.” Wapendwa, hoja yangu leo ni kwamba ukombozi huo ni wa jina tu. Aidha, nasema kwamba gharama yake hailipwi na mwenye saa peke yake. Inalipwa pia na familia, na jumuiya, na kwaya zetu.

Kwanza niseme wazi nisilolisema. Sisemi kwamba saa hizo ni dhambi, wala kwamba Kanisa ni adui wa vyombo vya kisasa. Baba Mtakatifu Pius XI alizindua Radio Vatikani tarehe 12 Februari 1931, akisaidiwa na Marconi mwenyewe, yule mvumbuzi wa mawasiliano ya redio. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nzima juu ya vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica, mwaka 1963. Nakiri pia kwamba anayekimbia na saa bila simu ameepukana na mengi: hapekui picha za watu, hajibu umbeya wa makundi, wala hajikwai kwa kutazama kioo. Hilo ni jema, nami silipingi.

Hata hivyo, na tuangalie jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilitoa saa yake ya kwanza yenye laini ya simu ndani yake, na mwaka huohuo ikaiwezesha kucheza muziki kutoka mtandaoni bila msaada wa simu. Kampuni nyingine nazo zina saa za namna hiyo. Ili muziki utiririke, saa haina budi kuwa na laini yake na bando lake, au kuwa karibu na Wi-Fi. Na mara nyingi mwenyewe anapaswa kuwa amelipia usajili wa kila mwezi kwa huduma ya muziki. Saa inazungumza na mnara kama simu inavyozungumza na mnara. Ujumbe ukija, mkono unatetemeka. Mtu akipiga, mkono unaita. Basi simu haijaachwa nyumbani. Imepunguzwa umbo na kufungwa mwilini, mahali ambapo haiwezi hata kusahaulika mezani. Mtumwa aliyebadilishiwa mnyororo mzito akapewa mwepesi hajaachwa huru, ingawa anatembea kwa raha zaidi.

Kuna njia ya pili, nayo napenda tuitofautishe. Mtu anaweza kupakua nyimbo chache katika saa yake akiwa nyumbani, kisha akatoka bila mtandao wowote. Huduma ya Spotify, kwa mfano, iliruhusu jambo hilo kwa saa za Apple mwaka 2021, mwaka uleule ilipofunguliwa rasmi Tanzania, Kenya na Uganda. Njia hii naiona bora, na sababu yake si bando wala betri, ingawa yote mawili huokolewa. Aliyepakua amechagua, na alichokichagua kina mwisho. Nyimbo kumi zikiisha, zimeisha. Lakini muziki unaotiririka hauna mwisho: wimbo ukikoma, mashine inachagua mwingine, na mwingine, na mwingine. Hapo si mimi tena ninayesikiliza ninachotaka. Ninasikilizishwa. Na kisicho na mwisho hakimwachii mtu nafasi ya kujiuliza kama bado anakihitaji.

Wapendwa, hapa ndipo penye madhara ya kwanza: kufa kwa ukimya. Tunajua habari za nabii Eliya pale mlimani Horebu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Ulipita upepo mkali, likaja tetemeko, ukaja moto, naye Bwana hakuwamo katika hayo. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu. Eliya angekuwa na kitu masikioni, angeliona tetemeko na moto, lakini sauti ile angeikosa. Marko naye, katika sura yake ya kwanza, anatuambia kwamba Bwana wetu aliamka alfajiri mno, akatoka kwenda mahali pasipo watu ili asali. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, walioleta Injili Peramiho na Ndanda, wanaishi kwa Kanuni ambayo neno lake la kwanza kabisa ni agizo la kusikiliza. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliuweka ukimya pamoja na neno kuwa mada ya ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2012, akifundisha kwamba viwili hivyo hutegemeana.

Sasa fikirini siku ya Mkristo wa kawaida wa leo. Nyumbani kuna televisheni. Ndani ya daladala kuna redio ya dereva. Kazini kuna kelele za kazi. Zilikuwa zimebaki dakika chache za kutembea: kutoka nyumbani hadi kituoni, kutoka barabarani hadi kanisani. Katika dakika hizo mtu alikumbuka aliyemkosea. Alikumbuka deni. Alikumbuka kumwombea mgonjwa. Wengi wenu mnajua kwamba maungamo mema huanza njiani, wala si mlangoni mwa kitubio. Saa inayoimba imekuja kuchukua hizo dakika za mwisho. Ndiyo maana nasema si jambo dogo.

Nitajibiwa: “Lakini Padre, mimi nasikiliza nyimbo za Kanisa. Nasikiliza hata rozari.” Hoja hii naiheshimu, maana wanaoitoa ni watu wa sala. Nawasihi wamsikilize Mtakatifu Augustino. Alilia machozi aliposikia nyimbo za Kanisa mara baada ya ubatizo wake, na hakuwahi kuzidharau. Hata hivyo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anasema kwamba kila anapoguswa zaidi na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa, anajiona ametenda kosa. Kama mtakatifu huyu aliogopa hivyo kwa nyimbo alizozisikia kwa vipindi, katika kusanyiko la waamini, sisi tunaozisikia saa tano mfululizo tutakuwa na uhakika gani? Wimbo wa Mungu unaopigwa wakati wote hugeuka kuwa sauti ya nyuma, kama injini ya jirani. Na rozari iliyorekodiwa ni msaada kwa anayesali pamoja nayo. Haiwezi kusali badala ya mtu anayewaza bei ya nondo.

Madhara ya pili yanahusu jirani. Katika mila zetu salamu ni nusu ya upendo. Mzee amekaa barazani, kijana anapita, anasubiriwa aseme “shikamoo.” Kijana haoni vibaya kupita kimya, kwa kuwa hata akiitwa hasikii. Mzee haelewi kwamba kuna wimbo; anachoelewa ni kwamba amedharauliwa. Achilia mbali bodaboda inayopiga honi nyuma ya mkimbiaji asiyesikia chochote.

Madhara ya tatu ni sauti yetu wenyewe. Waliosoma shule zetu wanakumbuka mchakamchaka. Tulikimbia alfajiri, mmoja akiongoza, wengine wakiitikia, na wimbo ndio uliotupa mwendo na pumzi. Aliyechoka alibebwa na itikio la wenzake. Leo utakuta watu kumi wanakimbia barabara moja, kila mmoja na wimbo wake sikioni, na barabara iko kimya. Muziki umekuwa mwingi kuliko wakati wowote, na waimbaji wamepungua. Jambo hili linaonekana kanisani. Mtaguso, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ulitaka kwaya zistawishwe, na ulitaka pia waamini wote washiriki katika wimbo. Marehemu Padre Stephen Mbunga aliandika kitabu, kikatoka mwaka huohuo wa 1963, juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, ili ngoma na sauti za watu wetu zipate nafasi yake halali katika ibada. Wazee hao hawakuhangaika ili sisi tuje tukae kwenye mabenchi midomo ikiwa imefungwa, tukipima kama kwaya ya leo imefikia ile tuliyoisikia kwenye saa njiani.

Madhara ya nne ni ya haki, nayo huzungumzwa kwa nadra. Kwaya zetu zilikuwa zikiuza kaseti, baadaye CD. Mauzo yalikuwa madogo, lakini fedha ilikuwa ya kwaya: ilinunua kinanda, sare, na pengine mabati. Wengi wanadhani kwamba anayelipia huduma ya muziki mtandaoni na kusikiliza kwaya ya parokia yake, fedha yake inaifikia kwaya hiyo. Sivyo inavyokwenda katika huduma kubwa kama Spotify. Fedha hukusanywa katika fungu moja, kisha hugawanywa kulingana na idadi ya usikilizwaji wa nyimbo zote. Mwenye wasikilizaji wengi huchukua sehemu kubwa, hata kutoka kwa wale wasiomsikiliza kabisa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2024 huduma hiyo hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12. Kwaya ya kigango, iliyochanga miezi kadhaa ili iingie studio, inaweza kusikilizwa mara 900 kwa mwaka na wimbo huo usiilipe hata senti moja. Naelewa sababu za kampuni: zinataka kuzuia udanganyifu na malipo yasiyofika popote. Lakini mjane wa Injili alitoa senti zake mbili, na Bwana aliziona. Sisi tusikubali upesi hivyo kwamba kilicho kidogo hakihesabiki.

Basi tufanye nini? Siagizi mtu yeyote auze saa yake. Naomba mambo manne.

Mosi, mnapofika kwenye geti la kanisa, vipokea sauti vitoke masikioni, na saa inyamazishwe. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 45, yanasifu ukimya hata kabla ya ibada kuanza. Tusianze Misa tukiwa bado na wimbo wa njiani kichwani.

Pili, kila siku iwepo safari moja isiyo na muziki. Ikiwa ni dakika kumi, zitoshe. Mwenye kukimbia akimbie siku moja ya juma akisikiliza pumzi zake na ndege wa alfajiri.

Tatu, anayetaka muziki apakue nyimbo chache alizozichagua, zenye mwisho, badala ya kufungulia mto usio na ukingo.

Nne, ukiipenda kwaya fulani, iunge mkono moja kwa moja. Nunua kazi yao kwao wenyewe, changia kinanda chao, au bora zaidi, nenda mazoezini. Sauti ya nne haina watu, na walimu wa kwaya wananilalamikia kila mwezi.

Wapendwa, saa za mitambo zilipoanza kuenea Ulaya, monasteri na makanisa makuu yalikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kuziweka, ili kengele ilie kwa wakati na watu waache shughuli zao wakasali. Saa ilikuwa mtumishi wa sala: ililia ili watu wanyamaze mbele ya Mungu. Haifai leo iwe ndiyo inayotuzuia kunyamaza. Aliye na saa janja aitumie kwa kusudi lile la kale: aitegeshe saa sita mchana imkumbushe Malaika wa Bwana, kisha aisali kwa kinywa chake mwenyewe.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Mama Maria, aliyeyaweka yote moyoni mwake akiyatafakari, atuombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko